Hilux ya marehemu mzee: kipi kibadilishwe, kipi kiachwe

Swali lililonifikia ni hili: "Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Hilux double cabin ya mwaka 1993, LN106, injini 3L. Niko Njombe, nabeba viazi kutoka shamba hadi mjini, na mara mojamoja naenda Dar na familia. Gari limechoka, kwenye mlima linapanda na gia ya pili huku likitoa moshi mweusi. Nimepata mtu anauza injini ya 1KZ-TE iliyotoka kwenye Surf. Nataka pia niliinue, niweke tairi za inchi 33, na niongeze springi nyuma. Nianze na lipi, na lipi ni kupoteza hela?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nitakujibu kirefu, kwa sababu gari alilokuachia linastahili, na kwa sababu hayo mambo manne umeyapanga kuanzia mwisho. Umeanza na injini. Mimi ningeanza na chasisi, nije kwenye breki na ekseli ya mbele, ndipo tairi. Injini ningeiacha mwisho kabisa, na huenda ukifika huko ukakuta huihitaji.

Kwanza ujue una gari gani, kwa kuwa mengi yatakayofuata yanatokana na hapo. Hilux za kizazi chako zilianza kutoka mwaka 1988. LN106 ina ekseli ya moja kwa moja mbele, imekaa juu ya springi za majani kama nyuma. Ndugu zake wengine wa kizazi hichohicho, Surf (ile Hilux iliyofungwa nyuma kama gari la familia) akiwemo, mbele walipewa mfumo ambao kila gurudumu linacheza peke yake juu ya tosheni baa, yaani fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi, na difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi. Kwa nje yanafanana sana, milango na taa unaweza kuhamisha. Kwa chini ni magari mawili tofauti. Mtu akikuambia "kitu cha Surf kinaingia Hilux bila shida", muulize anazungumzia cha juu au cha chini.

Sasa huo moshi mweusi. Moshi mweusi kwenye dizeli maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa inayoingia. Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu moja ya tano. Injini ya 3L (hilo ni jina lake, si lita tatu) haina turbo, inavuta kile kilichopo. Pampu yake nayo haijui kwamba umepanda mlima, inaendelea kupeleka mafuta yaleyale. Kwa hiyo hata 3L nzima, huko kwenu itakuwa nzito na itatoa moshi kiasi. Kama mzee alilinunua likitokea pwani na hakuna aliyewahi kuigusa pampu, sehemu ya uchovu unaouona ni mahali mlipo, gari halijafa. Fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia anaweza kupunguza mafuta kidogo, na nozeli zikapimwa siku hiyohiyo.

Kabla ya kutoa shilingi ya injini, fanya vipimo hivi. Badilisha filta ya hewa na filta ya dizeli. Inua kila gurudumu kwa jeki, gia ikiwa huru, ulizungushe kwa mkono. Nimeona Hilux zaidi ya moja zilizoletwa kwangu kwa "injini kufa" kumbe breki za nyuma zimeng'ang'ania, na dereva amepanda milima mwaka mzima akiwa amekanyaga breki bila kujua. Angalia klachi: ukiwa gia ya nne ukakanyaga mafuta mlimani, mlio ukapanda na mwendo usipande, tatizo ni klachi.

Kisha pima kompresheni kwa geji ya dizeli, kupitia matundu ya plagi za joto, injini ikiwa ya moto. Kipimo cha kiwandani kwa 3L ni karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba, ambazo kwenye geji nyingi ni kama psi 455. Kikomo cha chini ni kilo 20, yaani psi 284 hivi, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 5. Hapa kuna jambo linalowaponza watu wa nyanda za juu. Geji ikisoma 25 au 26 Njombe, fundi aliyezoea Dar atasema injini imekwisha, wakati wepesi wa hewa peke yake unaondoa karibu moja ya tano ya kipimo. Usitazame sana ukubwa wa namba, tazama kama silinda nne zinalingana. Ukikuta 25, 26, 25, 16, hiyo silinda ya nne ina ugonjwa. Zote zikiwa kwenye 25, injini ya mzee bado inafanya kazi, ipe nozeli safi na uendelee na mengine.

Tuseme vipimo vimekuja vibaya na injini lazima ibadilishwe. Bado nisingekimbilia 1KZ, na nitakueleza sababu zangu.

1KZ-TE ni injini nzuri, siitukani. Ina sentimita za ujazo 2,982, ina turbo, na nguvu yake ya kuvuta ni karibu Nm 290 wakati 3L iko karibu Nm 190. Kwa milima ya kwenda Makete utaisikia tofauti siku ya kwanza, na turbo ndiyo dawa halisi ya hewa nyepesi. Lakini muuzaji anakuuzia injini, wakati gari lako litadai vitu vingine vingi vinavyokwenda na hiyo injini. Gia boksi ya 3L haifungiki kwenye 1KZ moja kwa moja, kwa hiyo unahitaji gia boksi yake pamoja na transfa yake, ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukibadilisha hizo, propela shafti zote mbili zinabadilika urefu. Surf nyingi zilizotoka Japani ni za otomatiki, maana yake flaiwili na klachi utazitafuta mahali pengine. Pampu ya 1KZ-TE inaendeshwa kwa umeme. Bila kontroli boksi yake, sensa zake zote na mkungu wa waya usiokatwa, injini haiwaki. Inataka rejeta kubwa, njia pana ya moshi, na mauntingi za kuchomelea.

Halafu kuna sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenye Surf difu ya mbele haipandi wala haishuki, hivyo sampu ya injini yake ilichorwa kwa gari la namna hiyo. Kwako difu ni sehemu ya ekseli, na ekseli inapanda kila ukipita shimo. Kabla injini haijafungwa moja kwa moja, springi za mbele zibanwe mpaka ekseli iguse raba za kugongea, kisha mtu alale chini apime nafasi iliyobaki kati ya difu na sampu, na kati ya propela shafti ya mbele na sampu. Apime pande zote mbili, maana gari likiingia shimo kwa gurudumu moja ekseli inapanda kimshazari. Nafasi isipofika upana wa vidole vitatu, siku ukiwa na viazi nyuma na abiria wanne ndani, difu itagonga sampu. Oili ikimwagika hakuna taa itakayowahi kuiokoa injini.

Na silinda hedi ya 1KZ-TE ni ya aluminiamu. Ikichemka mara moja sawasawa, inapasuka kati ya vavu. Ya 3L ni ya chuma cha kalibu, inavumilia zaidi. Injini iliyotolewa kwenye Surf ya miaka ya 1993 hadi 1995 imeshapita mikono mingi, na huwezi kujua imechemka mara ngapi. Ukiamua kuinunua licha ya haya yote, hedi ifunguliwe na ipimwe nyufa kwa presha ya maji kabla hujalipa hela yote.

Chaguo langu kwako ni 5L ya pampu ya kawaida. Hizi injini tatu ni mtu na ndugu zake: 2L ina silinda za kipenyo cha milimita 92, 3L ina 96, na 5L ina 99.5 na mwendo wa pistoni uleule wa 3L, milimita 96. Ujazo unatoka 2,779 kwenda 2,986. Inakaa kwenye gia boksi yako na mauntingi zako, haihitaji kontroli boksi, na spea zake ziko kila mji wenye Hiace za abiria. Nguvu inaongezeka kidogo tu, sitakudanganya. Ila utakuwa na gari ambalo fundi yeyote wa Makambako anaweza kulifungua usiku kwa tochi na likaamka asubuhi. Ukipata 5L iliyotoka kwenye Hiace, usitupe injini yako ya zamani mpaka umehamisha sampu, bomba la kunyonyea oili, mikono ya mauntingi na mabomba ya maji. Vitu hivyo hutofautiana kati ya gari na gari, na vya kwako ndivyo vinavyoijua ekseli yako. Angalia pia isije ikawa 5L-E. Hiyo pampu yake ni ya umeme, na utarudi kwenye habari ya waya.

Wapo watakaokushauri ufunge turbo juu ya 3L. Inawezekana, na kwa mwinuko wenu inavutia, lakini 3L haikutoka kiwandani na turbo. Bila geji ya joto la moshi na mtu anayejua kuweka pampu vizuri, utayeyusha pistoni ukiwa umepakia. Kwa gari la kazi mimi sipendekezi.

Mambo madogo matatu kuhusu injini yoyote ya ukoo huu, na nakuomba uyashike. Alteneta yake ina pampu ya vakyumu mgongoni, na hiyo ndiyo inayofanya pedali ya breki iwe laini. Fundi wa umeme akikupa alteneta ya injini ya petroli kwa sababu "inachaji vizuri", utabaki na chaji nzuri na breki ngumu kama jiwe. Pili, taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kwa kuhesabu kilomita za gari, kila 100,000. Haiujui mkanda uliomo. Ukibadilisha injini, badilisha mkanda wa taimingi siku hiyohiyo pamoja na tensheni yake, na uandike kilomita kwa kalamu chini ya boneti. Tatu, asiwepo mtu wa kukuondolea thamostati, ile vavu inayoongoza maji ya injini kwenda kwenye rejeta. Najua ni desturi ya gereji nyingi, wanasema nchi yetu ni ya joto. Kwanza Njombe mnalala na mablanketi mawili mwezi wa Juni. Pili, thamostati ya injini hii ina kifuniko cha chini kinachofunga njia ya maji ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Unaitoa ili injini isichemke, na inachemka kwa sababu umeitoa. Hili linaniuma kuliko mengine yote ya ufundi wetu, kwa maana limeua hedi nyingi mno.

Na makaratasi. Kadi yako ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini bila TRA (Mamlaka ya Mapato) kuandika namba mpya, siku ya ukaguzi, ya ajali au ya kuuza utaonekana una injini ya wizi. Dai kwa muuzaji karatasi za forodha, au nakala ya kadi ya gari ilikotoka pamoja na mkataba wa mauziano, kabla hujafungua bolti ya kwanza. Kwa msomaji aliye Kenya, mlango wa kugonga ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na huko nako namba mpya lazima iingizwe kwenye rekodi ya gari.

Nirudi nyuma ya gari, mahali ambapo ningependa uanzie.

Double cabin ina ugonjwa wake ambao single cabin haina. Ile nafasi ya abiria wa nyuma imechukuliwa kutoka kwenye bodi la mzigo, na bodi likasogea nyuma. Kwenye single cabin sehemu kubwa ya mzigo inakaa mbele ya ekseli ya nyuma. Kwako, sehemu kubwa inaning'inia nyuma yake. Umbali kati ya ekseli yako ya mbele na ya nyuma ni karibu mita 2.85. Weka gunia mbili, kilo 200 tuseme, mita moja nyuma ya ekseli, pale kwenye mlango wa bodi. Ekseli ya nyuma haitabeba 200, itabeba 270, maana mbele kumenyanyuliwa kilo 70. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapungukiwa na uzito wa kushikia, na chasisi inakunjwa kama fimbo ya kuvulia samaki. Inakunjika wapi? Palepale nyuma ya kabini, kwenye ule mwanya kati ya kabini na bodi.

Sasa ongeza majani ya springi. Gari halilali tena, unafurahi, unapakia lumbesa nne. Lakini jani la springi halikuongeza nguvu kwenye chasisi hata chembe. Limeondoa ulaini uliokuwa unameza mtikisiko, na kila tuta unalopita sasa linafika kwenye chasisi likiwa zima. Niliwahi kuletewa Hilux ya namna yako ambayo mtu alikuwa ameongezewa majani matatu ya lori. Springi zilikuwa nzima kabisa, zimesimama vizuri. Chasisi ilikuwa imepasuka upande wa kushoto kutoka chini hadi nusu ya kimo chake, na mwenye gari alikuja kulalamika kwamba mlango wa nyuma haufungi.

Kwa hiyo kesho asubuhi chukua rula. Pima mwanya kati ya kabini na bodi, juu na chini, kushoto na kulia. Juu ukiwa mpana kuliko chini kwa kiasi cha kuonekana, chasisi imeshaanza kulala nyuma. Osha chini kwa presha, upite na tochi nyuma ya kabini, kwenye mikono ya springi na palipofungwa shokapu. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Ukiukuta, uchomelewe na mtu anayejua chasisi: atoboe tundu dogo kwenye mwisho wa ufa ili usiendelee, anyooshe kwanza, kisha kiraka kikatwe kwa ncha za mshazari. Kiraka kilichokatwa wima kinahamishia ufa pembeni yake. Nyaya za betri zitolewe kabla ya kuchomelea, na alteneta ichomolewe.

Springi nenda nazo hivi. Ondoa majani yaliyopoteza mkunjo na uweke mapya ya Hilux yenyewe, au jani moja la ziada kwa kila upande, basi. Weka bushi mpya na yubolti mpya. Za zamani zimeshavutika, hazishiki tena. Kaza tena baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500. Watu wanasahau hilo la pili, senta bolti inakatika na ekseli inarudi nyuma kwenye utelezi. Viazi pakia kuanzia mbele, gunia zito zaidi zikiegemea kabini. Hilo halikugharimu kitu na litakupa zaidi ya springi zozote. Zikizidi, rudi safari ya pili.

Kuliinua sikatai, lakini ishia inchi 2, na kwa springi zilizotengenezwa hivyo. Usirefushe sheko, vile vipande vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi. Sheko ikiongezwa sentimita 5, gari linainuka sentimita 2.5 tu, na ekseli ya mbele inazunguka kidogo kwenye springi zake. Mzunguko huo mdogo unavuruga ule mwelekeo unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Unaweza kuishia na gari linalotangatanga barabarani, ukabadilisha viungo vyote vya usukani, na lisipone.

Na kuna kitu kimoja ambacho karibu kila aliyeinua Hilux amekisahau. Lala chini, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Utaona fimbo inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vavu ndogo iliyofungwa kwenye chasisi, mirija ya breki ikiingia na kutoka. Vavu hiyo inapima mzigo. Bodi likishuka, inajua umepakia na inaruhusu breki nyingi nyuma. Bodi likiwa juu, inajua gari ni tupu na inapunguza, ili magurudumu ya nyuma yasikwame na gari likazunguka. Ukiinua gari inchi 2 bila kuiinua vavu au mkono wake kwa kiasi kilekile, itaamini gari ni tupu siku zote. Utashuka mlima wa Kitonga ukiwa na familia na mizigo, breki za mbele zikifanya kazi peke yake mpaka zinuke. Nimeona mafundi wakiikata kabisa na kuunganisha mrija moja kwa moja. Hapo gari likiwa tupu kwenye mvua, nyuma inakwama kwanza, na huo ni mwanzo wa kupinduka. Irekebishe, usiikate. Wakati huohuo weka hosi ndefu za breki, na hakikisha zile za mbele hazivutiki ukikata usukani mpaka mwisho huku gurudumu moja likiwa limening'inia.

Kwenye ekseli ya mbele, fungua yale mabakuli ya duara nyuma ya magurudumu. Ndani kuna joiti ya ekseli inayoogelea kwenye grisi. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu inapenya, inaosha grisi, na unakuta uji mweusi unavuja kwenye rimu. Ukiuona huo uji, usiongeze grisi juu yake. Toa vyote, osha, weka sili mpya na grisi ya molibdeni, na badilisha beringi za kingpini juu na chini. Kama usukani wako unatetemeka kwa nguvu ukipita shimo kwenye kilomita 60, mara nyingi ugonjwa uko kwenye beringi hizo, wala si balansi ya tairi. Ni kazi ya siku mbili, chafu, na inabadilisha gari kuliko turbo.

Tairi za 33 hapana. Tairi ya awali ya gari hili ina kimo cha karibu milimita 740, ya 33 ina karibu 838. Hiyo ni sawa na kubadilisha difu ukaweka ya mwendo kasi, kwenye gari ambalo tayari linalalamika mlimani. Kila gia yako itakuwa nzito zaidi kwa karibu asilimia 13. Mita ikisoma 80 utakuwa unakwenda 90 na ushee, na breki zitakuwa zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi kwa pedi zilezile. Kwa tope la mfinyanzi la huko kwenu, tairi nyembamba na ndefu kidogo ndiyo inayokata mpaka chini ikapata ardhi ngumu. Chukua 7.00R16 za magari ya mzigo, zenye meno. Rimu za Hilux mpya zinaingia kwenye bolti, maana zote ni sita kwa milimita 139.7, lakini zinakaa ndani zaidi, na ukikata usukani tairi inaweza kusugua springi. Zungusha usukani pande zote mbili kabla ya kulipa.

Mtu akikushauri kubadilisha uwiano wa difu, kumbuka ni mbili. Ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, la sivyo siku ukiingiza four-wheel gia boksi inajikaza dhidi yake yenyewe mpaka kitu kivunjike. Viti vya Surf weka ukipenda, ni vizuri kweli. Sharti langu ni kwamba bolti zipite kwenye matundu ya kiwandani au zipate bamba la chuma chini ya sakafu, na watoto wa kiti cha nyuma wawe na mikanda inayofanya kazi.

Kila unachokitoa kwa mzee kiweke kwenye boksi, kiandike jina na tarehe, hata kama kimechoka. Siku kifaa kipya kitakapokataa, utapata cha kupimia.

Jumamosi hii fanya mambo mawili tu: mwanya wa bodi juu na chini, kushoto na kulia, na kompresheni ya silinda nne. Niandikie namba zote nane, na unitajie injini ilikuwa ya moto au ya baridi ulipopima. Yule mwenye 1KZ mwambie asubiri.